Mtoto Asiyependa Masomo: Je, Tumtoe Shuleni?

Wazazi wengine wa Kindu wanajiuliza neno ambalo si dogo. Mtoto wao hana moyo wa masomo. Asubuhi yapasa aamshwe mara tatu, daftari lake ni tupu, na alama zake zashuka kila muhula. Basi wanasema: "Afadhali abaki nyumbani, tutamfundisha wenyewe." Je, wazazi Wakristo waweza kufanya hivyo kwa dhamiri safi? Na tulichunguze jambo hili polepole, kwa maana shauri likiwa baya, atakayelipa deni lake ni mtoto.

Kwanza tuangalie haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha ya kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, nayo yawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi. Lakini kifungu hicho hicho chasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na kwamba ni ya bure katika shule za umma. Maneno hayo yatupasa kuyashika pamoja. Mzazi aweza kuchagua njia ambayo mtoto atafundishwa. Hawezi kuchagua kwamba asifundishwe. Mwenye shamba aweza kupanda mpunga au mahindi apendavyo, lakini akiliacha liwe pori, asituambie kwamba amechagua.

Pili, tulipime neno "mvivu", ambalo twalitamka upesi mno. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni atapendaje kuandika? Mwenye njaa husinzia. Anayetoka Alunguli na kuvuka Lualaba kwa mtumbwi huenda amechoka kabla ya kengele kulia. Tena, tangu mwaka 2019 shule za msingi za umma zilipoanza kutolewa bure, watoto wengi sana waliingia, na madarasa mengi yakajaa. Aliye nyuma hukaa nyuma bila mtu kujua. Na zaidi ya hayo iko lugha. Mtoto wetu huanza kwa Kiswahili, kisha masomo yanageuka kuwa ya Kifaransa. Huyo asiyejibu neno darasani, je, hataki, au haelewi anachoulizwa?

Wakristo twamjua mmoja aliyepatwa na shida hiyo. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars katika Ufaransa, alizaliwa mwaka 1786, akaanza kusoma kwa bidii akiwa amekwisha kuwa mkubwa. Alipoingia seminari ya Lyon mwaka 1813, masomo yalikuwa kwa Kilatini. Hakuweza kuyafuata, akarudishwa. Padri Balley, paroko wa Écully, akamfundisha nyumbani kwake kwa Kifaransa, na mwaka 1815 akapewa upadre. Hapo twajifunza mambo mawili. Aliyetazama alama zake tu hakumjua mtu mwenyewe. Na nyumba ile ilimsaidia kwa sababu ndani yake alikuwamo mwalimu mwenye elimu, subira na nafasi.

Basi tatu, tuitazame nyumba yetu. Tuseme baba ni fundi anayeondoka alfajiri, na mama auza sokoni hadi jioni. Mtoto akibaki, nani atakaa naye? Saa ngapi? Kwa vitabu gani? Nani atasahihisha hesabu zake? Kama maswali haya hayana jibu, mwezi hautakwisha kabla hajawa mchota maji, mlezi wa wadogo zake, au msukumaji wa baisikeli za mizigo ya watu. Kazi za nyumbani ni njema, nazo ni malezi. Lakini hazimfundishi kusoma barua wala kugawanya hesabu. Na tuseme wazi neno moja juu ya wasichana: mara nyingine msichana huitwa "asiyependa masomo" siku ile ile nyumba inapohitaji mikono yake. Hapo yafaa tujiulize kama kweli ni yeye aliyechoka na shule.

Mwingine atasema: "Kumlazimisha mtoto ni kumchukiza masomo." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Fimbo na matusi havileti hamu. Lakini hamu mara nyingi huja nyuma ya kazi: mtoto hupenda kitabu akisha kuweza kukisoma. Tukingoja apende kwanza, tutangoja sana. Tumsaidie kwanza aweze.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: kabla ya kumtoa mtoto, jaribuni muhula mmoja mzima. Mwulizeni faraghani, bila hasira, nini kinachomshinda, na mngoje jibu. Apimwe macho na masikio. Baba na mama waende pamoja kwa mwalimu wake. Kila jioni itengwe nusu saa ya kusoma naye. Mzazi asiyejua kusoma asione haya: amwambie mtoto amweleze aliyofundishwa siku hiyo, kwani anayefundisha mwenziwe hujifunza mara mbili. Na kwa mtoto mkubwa aliyepoteza miaka, viko vituo vya kufidia masomo, ambavyo miaka sita ya shule ya msingi hufanywa kwa mitatu.

Hatusemi kwamba mtoto asitolewe kamwe. Ugonjwa mrefu, njia iliyofungwa na vita, au ukatili ambao mkuu wa shule hataki kuusikia, hayo yaweza kuwa sababu za haki. Mzazi wa namna hiyo amfundishe mtoto nyumbani bila aibu. Ila awe na mwalimu anayejulikana, saa zinazojulikana, na vitabu. Tena aulize mapema shuleni mtoto atafanyaje mtihani wa mwisho wa msingi, maana pasipo cheti kile mlango wa sekondari ni mgumu kufunguka.

Mwishowe, iko njia moja ya kulipima shauri hili mbele ya Mungu. Tufikiri siku ya kwanza baada ya kumtoa: saa mbili asubuhi, mtoto yuko wapi, na nani, anajifunza nini? Tukiweza kujibu, twaweza kuamua kwa moyo mtulivu. Tusipoweza, tumwamshe tena kesho, hata mara ya nne, tumpe chai yake na daftari lake, tumsindikize mpaka mlangoni pa shule.