Kiti Kipya Mpaka Tala

Kiti kipya cha baiskeli ukikijaribu mtaani Umoja hakikwambii kitu. Unazunguka ploti mbili, unakibonyeza kwa kidole gumba, muuzaji anakusifia, unalipa. Subiri Jumapili alfajiri, Barabara ya Kangundo, kabla matatu hazijachangamka. Mpaka Ruai bado unajiona bingwa. Kamulu unaanza kuhamisha makalio, kushoto, kulia. Joska unasimama juu ya pedali hata pasipo na mlima, na Tala ingali mbali. Tena kile kiti laini kama mto ndicho kinachotesa zaidi: unazama, kisha sponji inakubana pale usipotaka kubanwa.

Mimi siku hizi nabadilisha kitu kimoja tu kwa safari moja. Nikifunga kiti, pedali na tairi kwa mpigo, goti likiuma nitalaumu kipi? Kimo cha zamani nakitia alama ya utepe kwenye bomba la kiti, spana iko mfukoni. Juzi, mbele ya kibanda cha chai Kamulu, nilishusha kiti nusu sentimita. Mama wa chai akauliza kama baiskeli imeharibika. Nikamwambia, “Hapana mama, ni mwenyewe.”