Mikono ya Mkunazini

Juzi niliwapeleka vijana wa kipaimara Unguja. Boti ya kurudi ilikuwa ya jioni, kwa hiyo sikuwaharakisha. Mji Mkongwe tulisimama karibu robo saa mbele ya mlango mmoja wa zamani. Miimo yake imechongwa mnyororo, pete ndani ya pete, kutoka chini hadi kwenye kizingiti cha juu na kushuka upande wa pili. Binti mmoja aliufuata kwa kidole mpaka mwisho. "Mchungaji, huyu fundi hajakosea hata pete moja!" Nikachutama nitazame. Chini kabisa, ambapo ni paka tu wanaopaona, patasi ilipita kwa uangalifu uleule. Juu wamechonga aya na mwaka. Jina la fundi halipo.

Nikamkumbuka fundi Bezaleli wa Kutoka 31. Wahubiri tunapenda kusema kwamba Mungu alimjaza Roho ili achonge mbao na kukata mawe, na ni kweli. Mimi hukawia zaidi kwenye mikono yake. Watu wake walikuwa wametoka kumfyatulia Farao matofali kwa idadi, huku wakipigwa. Tofali la Farao lilihesabiwa tu, hakuna aliyeuliza kama limependeza. Nyikani ndipo mtumwa wa jana aliporuhusiwa kushinda na kipande kimoja cha mshita mpaka kikae anavyotaka.

Tukafika Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo, lililoanza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Madhabahu iko palipokuwa na mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, yule aliyetutafsiria Maandiko. Inasimuliwa kwamba alipokuwa safarini, mafundi, baadhi yao watumwa waliokombolewa, walisimamisha nguzo za karibu na kisima cha ubatizo kichwa chini, miguu juu. Nguzo za namna ile walikuwa hawajapata kuziona. Askofu aliporudi, akaziacha. Kosa la fundi, hatua chache tu kutoka penye mti wa viboko, likaachwa lisimame, na hadi leo limebeba mzigo wake.

Kijana mmoja, mtundu wa kundi, akageuka akainama, akazitazama kupitia katikati ya miguu yake.

"Aa," akasema, "kumbe zimekaa sawa."

Wenzake nao wakainama, mmoja mmoja. Boti nusura ituache.