Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wa pwani walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunaosali Kiwengwa, ambao wengi wetu tulitoka bara kufuata kazi za hoteli, tumeiona nusu ya kwanza ya methali hiyo ikitimia. Wageni wamekuja. Linalotusumbua ni ile nusu ya pili: je, mwenyeji amepona?

Tuyatazame maji. Upande huu wa Unguja ni nchi ya maweni, haina mito. Mvua huzama katika mawe ya matumbawe, na maji matamu hukaa chini, yakielea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa kiasi, unakunywa. Ukipita kiasi, chumvi hupanda kisimani, na ikishapanda haishuki upesi. Mwenye pampu kubwa na mama mwenye ndoo wanachota katika chungu kimoja.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanyika Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Ulionyesha kwamba kaya ya kawaida ilitumia lita 93 hivi za maji kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kiliweza kufika lita 3,195. Chumba kimoja, kaya thelathini na nne!

Sasa wapo wataalamu wanaowaambia wafanyabiashara wa nchi zetu neno jema: kutunza mazingira kunalipa. Dar es Salaam kipo kituo cha uzalishaji safi tangu 1995, kilichoanzishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kinachofundisha jambo hili viwandani. Njia yenyewe si ngumu. Pima kwanza, ujue maji na umeme vinapotelea wapi. Ziba mabomba yanayovuja. Usifue taulo ambayo mgeni hajaichafua. Mwagilia bustani jioni, kwa maji yaliyokwisha kuogewa na kuchujwa. Mabaki ya jikoni yafanye mbolea. Hoteli ikipunguza theluthi moja tu ya zile lita 3,195, imeokoa maji ya kaya kumi na moja kwa kila chumba, na gharama ya pampu imeshuka.

Hapo baadhi yetu huuliza: wema unaofanywa kwa ajili ya pesa ni wema gani? Swali ni la haki, lakini tusilijibu kwa haraka. Mama anayekuta maji matamu kisimani haulizi aliyefunga bomba alikuwa na nia gani. Tena Maandiko hayamdharau mtu mwenye hesabu nzuri. Yusufu aliweka akiba ya nafaka kwa busara ya ghalani, na mataifa yakapata chakula. Upotevu nao ni dhambi, na anayeuacha kwa sababu umemtia hasara ameanza kuuacha.

Ameanza tu, hajamaliza, kwa maana faida ni mlinzi anayelala. Hulinda pale inapolipwa. Hoteli iliyookoa maji ya vyumba ishirini inaweza kuyatumia kujenga vyumba ishirini vingine na bwawa la kuogelea. Hesabu yake ni safi, lakini kisima cha kijiji kimebaki pale pale. Na yako mambo ambayo kuyatenda vizuri hakulipi kamwe. Kumwaga taka usiku katika mashimo ya maweni ni rahisi kuliko kuzipeleka zinakostahili, ijapokuwa uchafu ule utashuka taratibu hadi kwenye maji ya wote. Nabii Ezekieli aliwakemea kondoo walionona, waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, wenzao wakanywa tope. Hakuwalaumu kwa kunywa. Aliwalaumu kwa walichowaachia wengine.

Basi swali la Mkristo si kama faida ni halali. Swali ni faida imewekwa mahali gani. Kisiwani Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, mpangilio huu umegeuzwa. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, na walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi. Nyumba za wageni ni saba tu. Maji yao ni ya mvua inayokingwa mapaani, umeme wao ni wa jua, na vyoo vyao havitumii maji. Fedha za wageni hulinda matumbawe na kuwaleta watoto wa shule kujifunza. Pale biashara hutumikia bahari. Hatusemi hoteli ya vyumba mia mbili inaweza kuishi kwa maji ya paa. Tunasema inaweza kujiuliza nani anamtumikia nani.

Nasi tusijifiche nyuma ya matajiri. Mikono inayofungua mabomba ni yetu. Anayefua, anayemwagilia, anayeendesha gari la taka, wote tunakaa nao benchi moja Jumapili. Mwenzetu akiambiwa amwage taka mashimoni, akikataa anaweza kupoteza kazi, na watoto wake wanamtazama yeye. Ni rahisi kumhubiria ujasiri. Kanisa likimtaka akatae, liwe tayari pia kugawana naye unga mwezi atakaokosa mshahara. Vinginevyo tunamtwisha mzigo tusiougusa hata kwa kidole. Na paa la kanisa letu je? Mvua ya masika hulishukia ikatiririka bure mlangoni, na majirani zetu Waislamu wanapita na ndoo. Tangi moja pale lingesema mengi kuliko mahubiri yetu.

Isaka alipochimba visima Gerari, wachungaji walimgombania cha kwanza, wakamgombania na cha pili. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Alimshukuru Mungu kwa sababu sasa palikuwa na nafasi. Hiyo ndiyo faida tunayoiombea Kiwengwa: mwenye hoteli apate chake, mfanyakazi apate chake, na jioni mama ateremshe ndoo yake kisimani, ayaonje maji, ayakute bado ni matamu. Hapo mwenyeji atakuwa amepona.