Mwenye Haja na Mtafutaji

Liko swali moja ambalo watu wa dini zote katika pwani yetu hulizunguka kila siku bila kulitaja kwa jina lake. Mtu amwombaye Mungu kwa sababu ana haja, je, huyo amemtafuta Mungu, au ameitafuta haja yake tu, na Mungu amekuwa mlango wa kupitia? Swali hili si jepesi kama lionekanavyo. Tukisema ya kuwa mwenye haja hakumtafuta Mungu, basi waabuduo wa kweli watakuwa wachache mno duniani. Na tukisema ya kuwa amemtafuta, yatupasa kuonyesha ni nini kinachotenga sala na biashara.

Nimechagua kulitazama nikiwa hapa Tongoni, kwa kuwa hapa laonekana kwa macho. Asiyepajua mahali hapa na ajue ya kuwa ni kijiji kilicho kando ya bahari, kusini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilometa 17 hivi kwa njia iendayo Pangani. Jina lake maana yake ni mahali pa magofu. Yako magofu ya msikiti, na makaburi yapatayo 40, na mengi katika hayo yalijengewa nguzo za mawe, na nguzo nyingine zilipambwa kwa vyombo vya kaure vilivyotoka ng'ambo, ijapokuwa sasa yamebaki mashimo tu palipokuwa na bakuli. Mji ule ulisitawi katika karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi, aliichoma moto merikebu yake moja iitwayo São Rafael katika mafungu ya nchi hii ya Mtang'ata, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Nguzo nyingi zimeanguka, na majina ya wengi waliolala chini yake yamesahauliwa. Walakini watu huja.

Huja na ubani, na kitambaa, na sarafu, na neno la moyoni. Mmoja ataka mtoto. Wa pili anaye mtoto, naye ni mgonjwa. Wa tatu nyavu zake zimekaa siku nyingi bila samaki. Mtu huweka nadhiri: nikipewa hiki, nitarudi na kile. Wako mashehe wanaowakemea vikali, wakisema ya kuwa huko ni kumshirikisha Mungu, na upande wetu wa Kikristo makemeo hayakupungua. Mimi siingii katika hukumu hiyo, maana inao wanavyuoni wake. Ninalotaka ni kujua kama katika haja ile iliyoletwa pamoja na ubani kuna mbegu yo yote ya kumtafuta Mungu.

Katika Uislamu walioshika swali hili kwa mikono miwili ni Masufii. Wanavyuoni wengi husema ya kuwa jina lao latokana na sufu, yaani manyoya ya kondoo, kwa sababu wale wa kale walivaa nguo nzito za namna hiyo wakiikataa anasa. (Sisi watu wa pwani tusilichanganye na sufi tunayotia katika mito, ambayo ni laini, kinyume kabisa cha maisha yao.) Njia wanayoifuata huitwa tarika, na Tarika ya Kadiria na ile ya Shadhilia zajulikana sana katika Mrima na visiwa. Mtu apitaye penye dhikiri usiku huzisikia pumzi za watu wengi zikipanda na kushuka pamoja, hata hadhani kwamba ni watu mbalimbali.

Katika masimulizi yao hakuna aliyelijibu swali letu kwa ukali kuliko Rabia, mwanamke wa Basra, ambaye husemwa kuwa alifariki mwaka 801, naye alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Husimuliwa kwamba alionekana akipita njiani, mkono mmoja ameshika moto na mkono wa pili maji. Alipoulizwa sababu, alisema ya kuwa ataka kuichoma pepo na kuizima jehanamu, ili watu wamwabudu Mungu pasipo kutamani thawabu wala kuogopa adhabu. Hadithi hiyo, bila ya jina la Rabia, imo pia katika kitabu cha Joinville, Mfaransa aliyeandika habari za mfalme Louis wa Tisa na kuzimaliza mwaka 1309. Yeye asema kwamba mtawa mmoja, jina lake Yves, alipotumwa kwa sultani wa Dameski alikutana na mwanamke mzee aliyebeba moto na maji namna hiyo hiyo. Wafaransa wale walikwenda kupigana na Waislamu, wakarudi kwao na hadithi hii, wakaitunza.

Wala wasidhani Wakristo ya kuwa swali hili ni geni kwao. Katika Kitabu cha Ayubu mashtaka ya Shetani ndiyo haya haya: kwamba uchaji wa mtu yule umelipiwa kwa mifugo na watoto, na malipo yakiondolewa, uchaji nao utaondoka. Kitabu kizima kimejengwa juu ya shaka hiyo.

Basi, kwa kipimo cha Rabia, yule mama ajaye Tongoni na ubani kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa hakumtafuta Mungu hata kidogo. Hapa ndipo ninapositasita. Naona fikira ya Rabia ni tukufu, lakini siwezi kusimama mbele ya mama yule na kumwambia asitake kitu. Naye hakuja kuomba cha kwake. Ametembea juani kwa ajili ya mwingine, ameunyenyekeza uso wake mbele ya asichokiona, amekiri ya kuwa nguvu zake zimekwisha. Mambo hayo matatu, Masufii wenyewe huwafundisha wanafunzi wao kwa miaka mingi. Tena mwanafunzi wao humwita muridi, na neno hilo la Kiarabu maana yake ni atakaye. Hawakumwita asiyetaka kitu. Walijua ya kuwa mtu huanza kwa kutaka.

Kuna na hatari ya upande wa pili, nayo ni kubwa zaidi kwa watu kama sisi walimu. Mwenye haja iliyo wazi ajua anachokitaka. Lakini mtu aliyesoma aweza kuificha haja yake ndani ya kazi takatifu hata yeye mwenyewe asiione. Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Uajemi mwaka 1058, alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamia mjini Baghdad, akifundisha wanafunzi 300. Ameandika habari zake mwenyewe. Aliichunguza nia yake katika kufundisha, akaona ya kuwa haikuwa kwa ajili ya Mungu, bali chanzo chake ni cheo na sifa. Akakaa miezi kadhaa akitaka kuondoka leo na kesho akighairi, mpaka mwaka 1095 ulimi wake ukafungwa asiweze kutamka somo, chakula kikakataa kushuka, na waganga wakakata tamaa. Ndipo akaigawa mali yake, isipokuwa iliyowatosha jamaa zake, akatoka mjini akisema aenda Makka, kumbe alikusudia kwenda Sham. Alikaa Dameski karibu miaka miwili akijitenga katika mnara wa msikiti, kisha akaenda Yerusalemu. Alirudi kufundisha Nishapur mwaka 1106, akafariki mwaka 1111.

Msomaji aangalie ya kuwa Ghazali hakukosea neno hata moja katika masomo yake ya Baghdad. Masomo yalikuwa ya kweli, na wanafunzi walifaidika. Ila yeye alikuwa akiuza, na wanafunzi hawakujua ya kuwa wanunua. Sasa, kati ya mwanachuoni huyo aliyesifiwa na mama yule mwenye ubani, ni nani aliyekuwa karibu zaidi? Nadhani ni yule mama, kwa sababu moja tu: haja yake yajulikana kwake. Mtu aweza kuiweka chini haja anayoijua. Asiyoijua ataibeba hata kaburini, na huenda akaiita ikhlasi.

Labda mtu atasema: hayo ni maneno ya kuwatetea wajinga; mwenye kuingia dini kwa faida ataishia katika faida. Namjibu kwa habari za Bagamoyo. Katika mji ule aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimwita Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka mashariki ya Kongo, akasoma, akawa kiongozi wa Tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 aliheshimiwa hata na watu ambao baba zao wasingalikaa naye jamvi moja. Waandishi wa historia wameeleza ya kuwa wengi walioingia tarika zamani zile walikuwa watumwa, au wazao wa watumwa, au wageni kutoka bara, nao walipata humo heshima ambayo waungwana wa mji waliwanyima. Katika mji huo huo mapadre Wakatoliki walifungua misheni mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Nao pia walisemwa kwamba wamefuata chakula na nguo. Huenda ni kweli katika habari za wote wawili. Mtu aliyeuzwa sokoni kama mbuzi hutafuta kwanza kuwa mtu. Lakini je, aliyekaa katika dhikiri miaka 40, au aliyepiga magoti kanisani mpaka amezeeka, bado anatafuta jamvi la kukalia? Jamvi alilipata tangu mwaka wa kwanza. Kilichomweka miaka yote iliyofuata ni kitu kingine, na yule asemaye ya kuwa alikuja kwa faida hana neno la kukielezea.

Kwa hiyo sioni ya kuwa kosa liko katika kuomba. Kosa liko katika kupima uzito, yaani ile nadhiri inayosema nipe nikupe, kisha pande zote zikilipana watu wasijuane tena. Wale wakoma kumi wa Injili waliomba wote, wakaponywa wote; kumi hawakulaumiwa kwa kuomba, ila tisa walikuwa wamekwisha maliza shughuli yao na mponyaji. Kama nataka kujua mtu alitafuta nini, haifai nimwangalie siku ya kuja. Sharti nimngoje siku haja yake itakapokwisha, kwa kutimizwa ama kwa kukataliwa. Nami nawapima hivyo hivyo wanafunzi wangu: mmoja alisoma kwa ajili ya cheti, wa pili pia kwa ajili ya cheti, na tofauti yao haionekani mpaka vyeti vimekwisha tolewa, ndipo mmoja aonekana na kitabu mkononi na mwingine sivyo.

Yuko mwanamke mmoja hapa, mtu mzima sana, afagiaye majani kandokando ya kaburi moja. Nilisikia ya kuwa katika ujana wake alikuja kuomba mtoto. Nilimwamkia mzee mmoja jirani yake, nikamwuliza, "Mzee, yule mama alipata mtoto?"

Akasema, "La, mwalimu, hakupata."

"Na sasa bado aja kuomba?"

Mzee akacheka. "Kwa umri ule? Wenziwe wana vitukuu."

"Basi aja kutaka nini?"

"Hilo, mwalimu, kamwulize mwenyewe. Mimi nimemwona akija tangu sijaoa, na ubani alikwisha acha kuleta zamani. Siku hizi huja na ufagio tu."

Sikumwuliza. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kaburi akihamia upande wa pili, wala hakuinua kichwa.