Mizani ya Ahadi

Ahadi ni deni. Neno hili lajulikana na kila mtu, lakini ndani yake mna swali: je, ni halali kuuza ahadi ambayo mwenye kuiuza hawezi kuipima?

Swali hili leo limeletwa na jiwe. Mvua inaposhuka huchukua angani sehemu ndogo ya hewa ya ukaa, ambayo wingi wake huzidisha joto la dunia. Maji hayo, kwa uchachu wake mdogo, huyeyusha mawe ya volkano. Na hewa ile hugeuka chumvi majini, ikachukuliwa na mito, ikafungwa baharini kwa maelfu ya miaka. Kazi hii ni ya polepole. Wataalamu wataka kuiharakisha kwa kusaga jiwe na kuutawanya unga wake mashambani. Mwaka 2025 Mati Carbon, wanaofanya hivyo pamoja na wakulima wadogo wa India, walipewa tuzo ya dola milioni 50.

Magharibi mwa Kenya pana joto, mvua, na mashamba mengi yenye udongo mchachu. Kwa mkulima unga wa jiwe waweza kuwa dawa ya udongo, kama ilivyo chokaa. Faida yake ataiona ghalani. Lakini mwenye kuuza hati za hewa iliyoondolewa auza kitu kingine. Udongo ukiwa mchachu mno, jiwe huyeyushwa na asidi nyingine, na hewa ya ukaa ikabaki pale pale ilipokuwa. Kusaga na kusafirisha nako hutoa moshi. Tena maji ya mto Nyando huingia Ghuba ya Winam, yakafuata ziwa na mto Naili hata Mediterania: nani atasimama katika njia yote hiyo akihesabu?

Ziwa lenyewe ni shahidi. Sangara, ambaye Kisumu huitwa mbuta, alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Alileta mali nyingi. Lakini alichangia kuangamiza mamia ya aina za fulu, wala hapana awezaye kuzirudisha. Unga uliochanganyika na udongo nao haukusanyiki tena. Basi madini yake, kama nikeli, yapimwe kabla, si baada.

Je, tungoje hata shaka yote iishe? La. Kungoja kuna gharama, na watu wa Kano waliofurikiwa mwaka 2020 waijua nguvu ya mvua iliyopita kiasi. Jaribio na lifanywe, ila liitwe jaribio. Mwenye kiwanda anunuaye hati ya uongo hudhani amelipa deni la moshi wake. Kumbe amelihamishia kwa mtoto wa ufukoni, ambaye hakuwapo sokoni wala hakuulizwa.

Mbuta hupimwa mbele ya macho ya mnunuzi. Hewa haionekani, kwa hiyo uaminifu wa mwenye kuipima hauna budi kuonekana zaidi.