Jokofu la Somanga na Siku ya Hamsini

Kisa hiki ni cha kutunga, ila ugonjwa uliomo ni wa kweli.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki pale Somanga alikuwa na jokofu kuukuu, na fundi kijana wa hapohapo akamtengenezea kidhibiti cha kompresa kwa bodi ya Arduino. Kompresa ikizimika ilitakiwa ipumzike dakika kumi. Ikiwashwa mapema, gesi ndani bado ina mgandamizo, mota hukwama na kuungua. Kijana akaandika sharti hilo, akaipakia programu kwenye kumbukumbu ya flashi, akaijaribu mezani kutwa nzima. Haikukosea.

Miezi ikapita salama, wala kijana hakujua kilichokuwa kikimwokoa. Tangu 2004 gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo hupandia bara jirani tu, Somanga Fungu, ikaenda zake Dar es Salaam kuzalisha umeme, lakini umeme wa pale kijijini kwao ulikuwa haukawii kukatika, na kila ukikatika saa ya ndani ya bodi ilianza upya kutoka sifuri. Kisha ukatulia zaidi ya wiki saba. Siku ya hamsini, usiku, kompresa ikazimika ikawaka papo hapo, ikazimika ikawaka. Asubuhi mota imeungua na samaki wameharibika.

“Shikamoo mama. Ngoja niizime niiwashe kwanza.”

“Marahaba mwanangu. Angalia mwenyewe.”

Hapo ndipo kijana alipofuta ushahidi. Angeweza kuisoma saa ile kabla ya kugusa swichi, angeona ni muda mfupi tu tangu irudi sifuri. Alipowasha, programu ikaenda sawasawa. Akailaumu kompresa, mama akanunua nyingine.

Arduino huhesabu milisekunde kwa namba ya biti 32. Inajaa baada ya siku 49 na saa 17, kisha inarudi sifuri. Kijana aliandika: chukua sasa, ongeza dakika kumi, sasa ikifika hapo washa. Karibu na kujaa, jumla hiyo humwagika ikawa namba ndogo, na “sasa” imeshaipita zamani, kwa hiyo ruhusa hutoka mara moja. Dawa yake ni kutoa: sasa toa wakati wa kuzima, tofauti ikitimia dakika kumi, washa. Tofauti hubaki sahihi hata saa ikishavuka sifuri. Na katika majaribio hakuna haja ya kungoja siku hamsini. Anzisha hesabu ikiwa imebakiza dakika kumi na tano kujaa, ukae uitazame. Usiisimamishe programu katikati kompresa ya kweli ikiwa imeunganishwa, maana programu itasimama na mota itaendelea. Funga taa badala yake.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya mafundi wachanga. Mfumo wa mita za malipo ya kabla, uliozaliwa Afrika Kusini, ulikuwa ukihesabu dakika tangu 1 Januari 1993 kwa biti 24, na nafasi hiyo ilijaa 24 Novemba 2024. Kuandika upya programu nyumba kwa nyumba kusingewezekana. Ndiyo maana mwaka ule wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walipokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo lenye uniti. Kazi ya marekebisho ikafanywa na mwenye nyumba, kwa kidole chake, amesimama mbele ya mita yake ya LUKU. Hesabu mpya ya mfumo huo inaanzia 2014, nayo itajaa 2045.