Shilingi 16 ni za Nani?

Kijana mmoja apokeaye fedha katika duka moja la Kebirigo, huko Nyamira, alituletea swali darasani kwa haya nyingi, kana kwamba achelea kuchekwa. Alisema: "Maalim, kila jioni nikifunga hesabu naona fedha za droo zimezidi zile zilizoandikwa katika taarifa ya kodi. Mimi sikuiba, wala tajiri wangu hakuiba. Kompyuta ndiyo iliyozizidisha. Je, ziada hii ni halali ya nani?"

Hakuna aliyecheka. Sisi tumezoea kuulizana juu ya maji ya udhu na safu za sala, na hayo ni mambo makubwa; lakini ni nadra mtu kuja kuuliza juu ya droo ya fedha, ingawa tonge tulalo hutoka humo. Kwa hivyo twaona yafaa swali hili lijibiwe mbele ya wasomaji wote.

Kwanza tuieleze hesabu yenyewe, kwani ahukumuye jambo asilolifahamu huwa amelidhulumu. Kebirigo ni nchi ya chai, na mwezi wa Oktoba wakulima wanapolipwa bonasi ya majani yao, wenye maduka huwavuta kwa punguzo la bei. Duka hili lilibandika bei ya gambuti za kuchumia chai kuwa shilingi 1,160, na juu yake likaandika kwamba kuna punguzo la asilimia 10. Katika hizo 1,160, shilingi 1,000 ni za duka, na 160 ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, iitwayo VAT, kwa kiwango cha 16 katika kila 100. Mnunuzi asomaye bei ile hufahamu kwamba atatoa 1,044: yaani 900 za duka na 144 za kodi.

Lakini programu ya duka hilo imeagizwa kukata fungu la kumi katika zile 1,000 tu, na kodi kuiacha palepale ilipokuwa, 160. Mnunuzi hutoa 1,060. Kisha programu hiyo hiyo inapopeleka habari kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya kwa njia ya eTIMS, husema kwamba yameuzwa ya 900 na kodi ni 144. Na katika hilo husema sawa, kwani sheria huipima kodi kwa bei iliyobaki baada ya punguzo lililotolewa wakati wa kuuza. Basi duka limepokea 1,060 na limetangaza 1,044. Shilingi 16 zimebaki katikati hazina mwenyewe.

Je, ni za nani? Tajiri atasema ni zake, kwa kuwa punguzo alilitoa katika mali yake, si katika kodi. Twamjibu: zimeandikwa katika risiti yako kuwa ni kodi, nawe hukuzipeleka, huwezi kumwambia mnunuzi kuwa ni za serikali, na kuiambia serikali kuwa hazipo. Serikali nayo haina dai, kwa sababu sheria yake yenyewe imetaka 144. Wa tatu ni yule mchuma chai aliyeahidiwa fungu la kumi la bei aliyoisoma, naye hakupewa lote. Hapana wa nne. Shilingi 16 ni za mnunuzi, na kila siku anayolala nazo mwenye duka, amelala na mali ya mtu.

Hapa ndipo lijapo swali zito zaidi: vipi mtu awe na deni la dhuluma hali hakukusudia kudhulumu? Wengi hutaka kulimaliza kwa neno moja, "Ni kompyuta." Lakini kompyuta haijui lolote. Kodi ya mauzo iliingia Kenya mwaka 1973. Tarehe 1 Januari 1990 ikapisha VAT. Mwezi wa Aprili 2020 kiwango kikashushwa hadi 14 katika 100, na tarehe 1 Januari 2021 kikarudi 16. Katika mageuzi hayo ya karibuni hakuna kompyuta iliyosikia habari redioni ikajirekebisha kwa hiari yake. Palikuwa na mkono wa mtu ulioandika 14, na mkono wa mtu ulioandika 16. Kompyuta ya duka ni mizani, na mizani haina dhima. Dhima ni ya aliyeitundika na anayeendelea kupimia.

Tukumbuke kisa alichokipokea Abu Huraira. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akatoa udhuru kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume hakubishana naye juu ya mvua. Alimwuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, na akamkataa mwenye kughushi kuwa si katika watu wake. Tutazame vizuri. Mvua haikuwa kosa la yule mtu, kama ambavyo hesabu mbovu huenda isiwe kosa la tajiri wa Kebirigo. Lililomhukumu ni kujua kisha kuficha. Siku asiyoijua mwenye duka ile ziada, alikuwa na deni lakini hakuwa na dhambi. Siku alipoambiwa na kijana wake, mambo mawili yalikutana. Na kama alinyamaza akisema "acha tu, ni baraka," basi udhuru wa kompyuta ulikatika siku hiyo hiyo.

Wengine husema kwamba shilingi 16 ni kitu kidogo mno. Lakini Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wenye kupunja vipimo, na wapunjao hawachukui gunia. Huchukua kidogo kisichoonekana. Watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaib, walionywa kwa jambo hilo hilo. Mkulima wa Kebirigo halihitaji fundisho hili, maana akipeleka majani kituoni huutazama uso wa mizani ya karani mpaka tarakimu itulie. Na wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tuseme duka huuza namna hiyo mara 20 kwa siku: ni shilingi 320, kwa siku 26 za kazi ni 8,320. Kila mnunuzi amepoteza kidogo, lakini mmoja amekusanya kingi.

Wako pia wasemao kwamba kodi yenyewe ni dhuluma, basi kuinyima serikali si kosa. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya kodi isiyokuwa zaka. Imam Al-Ghazali na Imam Al-Shatibi waliiruhusu pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli, na wengine waliikemea vikali. Hatutaki kuumaliza mjadala huo hapa, kwani katika jambo letu hauna msaada wowote. Aaminiye kwamba kodi hii ni dhuluma, imani yake yamtaka asimtoze mnunuzi. Haimpi ruhusa ya kumtoza kwa jina la serikali kisha kuitia mfukoni mwake. Kodi iliyokwisha pokewa mkononi mwa mfanyabiashara ni amana mpaka ile tarehe 20 ya mwezi ufuatao inapopasa kupelekwa. Na asiyeandikishwa kwa VAT, kwa kuwa mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, naye akaiacha programu yake iandike 16 katika risiti, huyo amekusanya kwa jina la mtu asiyemtuma.

Liko jambo jingine lililojificha zaidi. Mtu hununua unga wa mahindi wa shilingi 800, ambao kiwango chake cha kodi ni sifuri, pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia ya 1,160, ambavyo hutozwa. Akipewa punguzo la fungu la kumi kwa kapu zima ni shilingi 196. Haki ni 80 zitoke katika unga na 116 katika vile vingine, na kodi iwe 144. Lakini ziko programu ziwezazo kuamriwa kulitwika punguzo lote juu ya vitu vya kodi, na kodi ikashuka hadi 132 na senti 97. Hapa mnunuzi hakupunjwa hata senti. Aliyepunjwa ni umma, ambao hausimami mbele ya kaunta kuhesabu chenji yake. Mwenye kumcha Mungu humwogopa zaidi mwenye haki asiyekuwapo.

Basi yapasa nini? Kijana wetu ni mwajiriwa. Mkono wake haufiki kwenye mipango ya kompyuta, lakini ulimi wake wafika kwa tajiri. Na amwambie kwa adabu, faraghani, na hesabu ikiwa imeandikwa. Twajua kwamba huenda neno hilo likamgharimu kazi, na si haki kuliita jambo jepesi. Lakini kukaa miezi akiendesha mizani aijuayo kuwa mbovu ni kuishiriki.

Mwenye duka naye na aiite programu yake irekebishwe leo, kabla ya mauzo ya kesho. Wanunuzi awajuao awarudishie haki yao. Asiowajua, na azitoe fedha hizo sadaka kwa niaba yao, thawabu zikiwa zao, yeye asitarajie ila kutua mzigo. Na akitoa punguzo baada ya risiti kukatwa, asilimalize kwa maneno ya mdomo. Sheria imempa miezi sita ya kuandika hati ya kupunguza ankara, na dini imekwisha kutufundisha kuandikiana.

Wako katika ndugu zetu waliotundika Ayatul Kursiyyu juu ya droo ya fedha wakitumai baraka. Hatuwakatazi kuipenda aya. Twawaomba tu, jioni ya leo, waifungue droo iliyo chini yake na kuhesabu: ngapi ni zao, ngapi ni amana ya umma, na ngapi ni za mchuma chai aliyekwisha kwenda zake na gambuti mkononi, akiamini kwamba amepunguziwa bei. Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata. Wabillahi tawfiq.